Kaunta za marumaru jikoni: kwa nini huharibika kabla ya marumaru yenyewe

Katika nyumba mpya zinazochomoza pembezoni mwa Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Kigoma, jiko la ndani limepata sura inayokaribia kuwa moja: meza ya zege iliyoshikana na ukuta, sinki la chuma lililotumbukizwa katikati yake, na juu ya zege hilo marumaru zinazong'aa. Wenyewe huiita kaunta. Hapo ndipo nyama hukatwa, unga hukandwa, sufuria huteremshwa ikitoka motoni, na vyombo hurundikwa kusubiri maji. Ni vigumu kutaja sehemu nyingine ya nyumba inayogongwa, kuloweshwa, kuunguzwa na kusuguliwa kila siku kama hiyo.

Kwa sababu hiyo, kasoro ambazo sakafu ya sebuleni huweza kuzificha kwa miaka mingi, kaunta huzifichua mapema. Marumaru moja hutoa mlio wa kitu kitupu inapogongwa, kisha hupata ufa. Maungio yaliyokuwa meupe hugeuka kijivu, halafu kahawia, halafu meusi. Ukingo wa mbele humeguka. Sisimizi hupata njia chini ya sinki, na mende hawakawii kuifuata. Mwenye nyumba hukilaumu kiwanda, fundi humlaumu muuzaji, na mara nyingi marumaru yenyewe haina kosa.

Jina nalo huleta mkanganyiko kwa anayevuka mipaka. Marumaru kwa asili ni jiwe linalochimbwa na kupasuliwa mabamba. Kinachouzwa madukani leo kwa jina hilo ni udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kuchomwa katika tanuri kwa joto linalozidi nyuzi 1,100 za Selsiasi. Vitabu hukiita kigae, neno ambalo pia humaanisha kipande cha chungu kilichovunjika. Bujumbura na Kigali, neno la mitaani ni karo, lililotokana na Kifaransa. Mkenya akilisikia hudhani anadaiwa ada ya shule, na Mtanzania hugeuza macho kutafuta shimo la maji machafu. Katika maelezo haya, marumaru na kigae ni kitu kimoja.

Hadi katikati ya miaka ya 2010, sehemu kubwa ya vigae vilivyouzwa Afrika Mashariki viliingia kwa meli kutoka ng'ambo, China ikiwa mbele. Hali ilibadilika kiwanda cha Twyford kilipoanza uzalishaji Kajiado, nchini Kenya, mwaka 2016. Tanzania ikapata viwanda vikubwa viwili katika Mkoa wa Pwani, kimoja Chalinze na kingine Mkuranga. Uganda ikapata chake Kapeeka, wilayani Nakaseke. Malighafi inayohitajika, yaani udongo wa mfinyanzi, kaolini, feldispa na mchanga wenye silika, hupatikana katika kanda hii. Malori yenye maboksi ya vigae huvuka Rusumo kuingia Rwanda na Kabanga kuingia Burundi. Kitu kilichokuwa alama ya nyumba ya tajiri kimemfikia mwalimu na mwenye duka la rejareja. Lakini maboksi yamesafiri kwa kasi kuliko ujuzi wa kuyatandaza.

Mgongo wa kigae husema zaidi kuliko uso wake

Mnunuzi dukani hutazama rangi na mng'ao. Fundi makini hukigeuza kigae na kutazama mgongo. Uso wa kigae kilichopakwa rangi ni utando mwembamba wa kioo ulioyeyushwa tanurini. Haunyonyi maji, haushiki harufu na haudhuriki kwa sabuni. Ugumu wa ushahidi huo uko wazi kwenye mwambao: mabakuli ya kauri kutoka China yaliyokandikwa karne nyingi zilizopita katika nguzo za makaburi ya Waswahili, kama yale ya Kunduchi na Mambrui, yalipamba nguzo hizo katika upepo wa chumvi na mvua za masika. Tatizo la kaunta halianzi kwenye utando huo. Huanza kwenye mwili wa kigae na kile kinachoushikilia.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 huvigawa vigae kwa kiasi cha maji vinachonyonya. Vile vya kauri ngumu, ambavyo wauzaji huviita poselini, havinyonyi zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake. Vigae vya kawaida vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Tofauti hiyo inaweza kuonekana dukani bila mashine yoyote: tone la maji likidondoshwa mgongoni mwa kigae cha ukutani hutoweka upesi, ilhali juu ya poselini hubaki limetuna. Cha ukutani ni chepesi, ni laini na hukatika kwa urahisi, kwa sababu kazi yake ni kusimama wima pasipo kubebeshwa mzigo. Kukilaza juu ya kaunta ambapo sufuria ya maharage itatuliwa kwa kishindo kila jioni ni kukiomba kazi ambayo hakikuumbiwa. Bei yake ya chini ndiyo huwaponza wengi.

Hata hivyo, anayechagua poselini hukutana na mtego mwingine, nao ndio chanzo kikubwa cha vigae vinavyobanduka. Mafundi wengi walijifunza kazi kwa vigae vya kunyonya maji. Huvilowesha ndani ya ndoo, huvipaka uji wa saruji mgongoni, kisha huvibandika. Njia hiyo si ya kubezwa. Uji wa saruji hupenya katika vitundu vya kigae, hukaukia humo na kuuma kama mizizi. Poselini haina vitundu vya kutosha. Saruji tupu huigusa bila kuingia, na ikishakauka na kusinyaa kidogo, huachana nayo. Kigae hukaa mahali pake kwa uzito wake tu, hadi siku kinapogongwa pembeni.

Dawa yake ni gundi ya vigae inayouzwa kwa mifuko, ambayo ni saruji na mchanga laini vilivyochanganywa na viambato vinavyonata. Mfuko mmoja hugharimu zaidi kuliko saruji ya kawaida yenye uzito huohuo, na hapo ndipo mwenye nyumba hushawishika kubana matumizi. Kwa kaunta moja, akiba hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kubomoa na kurudia. Namna ya kuipaka nayo ina uzito. Wapo wanaoweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, kisha wakabonyeza. Kati ya madonge hayo hubaki hewa, na juu ya hewa hiyo ndipo kigae huvunjika. Gundi inapaswa kutandazwa kwa mwiko wa meno juu ya eneo lote, kigae kikandamizwe na kusogezwa kidogo hadi mifereji ya meno ifungane. Fundi anayebandua kigae kimoja mara baada ya kukiweka, ili ahakikishe kuwa mgongo wote umelowa gundi, hapotezi muda.

Zege lenye haraka

Chini ya gundi kuna zege, na zege lina subira yake. Bamba la kaunta kwa kawaida humwagwa juu ya kuta fupi za matofali, likiwa na unene wa sentimita 7 hadi 10 na nondo ndani. Linapaswa kumwagiliwa maji kwa siku saba angalau, na nguvu ambayo wahandisi huikadiria hufikiwa siku ya 28. Katika siku hizo zege husinyaa. Kigae hakisinyai. Kikibandikwa mapema juu ya zege ambalo bado linajikunja, kimoja lazima kiachie, na kinachoachia ni gundi au maungio. Familia inayotaka kuhamia kabla ya sikukuu huwa na haraka ambayo zege haliijui.

Hali huwa mbaya zaidi kwenye makabati ya kisasa ambapo kigae hubandikwa juu ya ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ubao wa namna hiyo hunywa maji na kuvimba, hasa kuzunguka sinki, na hakuna gundi inayoweza kuzuia uvimbe huo. Penye ubao, kaunta ya vigae ni heri isijengwe kabisa.

Vipimo navyo vina hesabu yake nzuri, ambayo mafundi wazoefu huitumia bila kuitangaza. Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 huivuka chote kwa mara moja, bila ungio hata moja linalokwenda sambamba na ukuta katikati ya kaunta. Kaunta ya mita 3 hufunikwa na vigae vitano tu, ikiwa na maungio manne. Ikitumiwa vigae vya sentimita 20 kwa 20, kaunta hiyohiyo huhitaji vigae 45, na mtandao wa maungio ambayo kila moja ni mfereji wa kusuguliwa. Boksi la vigae vya 60 kwa 60 mara nyingi huwa na vinne, yaani mita za mraba 1.44. Maboksi mawili hutosheleza kaunta, mkanda wa ukingo wa mbele, na pengine kigae kimoja cha akiba. Akiba hiyo si anasa: rangi hutofautiana kidogo kati ya uchomaji mmoja na mwingine, na namba iliyopigwa ubavuni mwa boksi ndiyo huonyesha vigae vilivyochomwa pamoja. Baada ya mwaka mmoja, kupata namba ileile dukani ni bahati.

Ukingo wa mbele ndio unaogongwa na mapaja, vijiko na sufuria. Kigae kikiachwa kining'inie nje ya zege, humeguka. Kwa hiyo bamba la zege humwagwa likiwa pungufu kwa sentimita mbili hivi, mkanda wa kigae hubandikwa wima kwenye uso wake, na kigae cha juu huja kuufunika mkanda huo, kikiwa kimeegemea kitu kigumu hadi mwisho. Wengine hupachika kipande cha alumini kwenye pembe. Si maridadi sana, lakini hupokea vishindo.

Mawese, ndimu na asidi

Maungio ndiyo sehemu pekee ya kaunta inayokula chakula pamoja na familia. Mafundi wengi huyajaza kwa saruji nyeupe, kwa kuwa ni rahisi na inapendeza siku ya kwanza. Saruji, nyeupe au ya kijivu, ni kitu chenye vitundu. Katika mikoa ya Ziwa Tanganyika, Kigoma na Burundi pamoja na upande wa Congo, mawese huingia humo na kuacha rangi ya chungwa ambayo sabuni haiitoi. Manjano hufanya vivyo hivyo kwenye majiko ya pwani. Vinywaji na vyakula vikali ni adui wa namna nyingine: ndimu, siki na ukwaju haviweki doa tu, bali huyeyusha saruji yenyewe taratibu. Ungio likishalika, huwa bonde, na bonde huhifadhi maji, unga na mafuta. Uchafu huo ndio chakula cha vijidudu, na mkono unaokanda chapati hupita hapohapo.

Ipo grauti ya epoksi, inayochanganywa kutoka kwenye makopo mawili na kukauka kuwa ngumu kama plastiki. Hainywi mafuta wala haiogopi ndimu. Ni ghali, na humlazimu fundi kufanya kazi haraka kwa sehemu ndogo ndogo, kwa sababu ikikauka juu ya kigae ni vigumu kuiondoa. Kwa sakafu nzima huenda ikamshinda mtu wa kipato cha kawaida. Kwa maungio manne ya kaunta na yale yanayozunguka sinki, kiasi kinachohitajika ni kidogo. Asiyeweza kuipata atumie grauti ya saruji ya rangi ya kijivu badala ya nyeupe, na aipake kinga ya maji baada ya kukauka. Pale kaunta inapokutana na ukuta, pasijazwe grauti ya aina yoyote: viwili hivyo husogea kila kimoja kwa mwendo wake, na kinachofaa ni silikoni inayovutika.

Kuna hatari moja katika usafi ambayo inastahili kutajwa waziwazi. Fundi akimaliza kazi, au mama wa nyumba akiona maungio yamechafuka, huagizwa asidi ya kusafishia vyoo. Asidi hiyo hung'arisha uso na kula maungio. Mtu akiona haijatosha, akaongeza jiki juu yake, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu. Katika jiko dogo lenye dirisha lililofungwa, gesi hiyo inaweza kuua. Viwili hivyo havipaswi kukutana, hata ndani ya ndoo moja iliyosuuzwa nusunusu.

Kuhusu moto, kigae chenyewe hakina wasiwasi na sufuria inayotoka jikoni. Jiko la mkaa lililowekwa juu yake kwa saa tatu ni jambo jingine: joto huzama hadi kwenye gundi, sehemu moja hutanuka na jirani yake haitanuki, na ufa hupita katikati. Matofali mawili chini ya jiko huondoa tatizo hilo. Na kwa wanaopenda kukanda unga moja kwa moja juu ya kaunta, ni vyema kujua kwamba baadhi ya rangi nyekundu, njano na chungwa za vigae hutengenezwa kwa madini ya kadimiamu, na kwamba kipo kipimo cha kimataifa, ISO 10545-15, cha kuchunguza kama kigae hutoa risasi au kadimiamu. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama kigae kimepimwa. Asipopata jibu, kibao cha chapati kipo.

Vumbi linalobaki kwa fundi

Yote hayo yanamhusu mwenye nyumba. Yupo mtu mwingine ambaye kaunta hiyo humgusa zaidi, naye huondoka na mwiko wake baada ya siku mbili. Kukata tundu la sinki na mikanda ya ukingo hufanywa kwa grinda ya umeme, mara nyingi kwa ukavu, mara nyingi ndani ya chumba. Wingu jeupe linalotoka hapo si vumbi la barabarani. Lina silika, ileile iliyoingia kiwandani kama mchanga, ikiwa imesagwa kuwa chembe ndogo kiasi kwamba macho hayazioni zikielea. Chembe hizo hupita puani na kooni na kufika mwisho wa mapafu, ambako mwili hauna namna ya kuzitoa. Huacha makovu, makovu hukaza mapafu, na ugonjwa huo, unaoitwa silikosisi, hauna tiba. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya aina hiyo katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997.

Mjadala wa dunia umeelekezwa zaidi kwenye kaunta za mawe ya kutengenezwa viwandani, ambayo silika yake inaweza kuzidi asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana waliokuwa wakiyakata kuugua silikosisi. Kigae kina silika kidogo kuliko mawe hayo, na hakuna haja ya kumtisha mtu aliyekata vigae vitano maishani mwake. Fundi, hata hivyo, hakati vitano. Hukata kila wiki kwa miaka ishirini. Na mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, jambo lenye uzito wa pekee katika eneo hili: Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Fundi anayekohoa kwa miezi huweza kutibiwa kifua kikuu, akapona, na kurudi kwenye vumbi lilelile.

Kinga yake haihitaji kiwanda. Mikato iliyonyooka inaweza kufanywa kwa mashine ya mkono yenye gurudumu dogo, ambayo hukwaruza uso na kukivunja kigae kwenye mstari, karibu bila vumbi. Kwa tundu la sinki, ambapo msumeno hauepukiki, chombo kinachofaa ni msumeno wa vigae uliotengenezwa kutumia maji, unaomwagilia diski yake wenyewe. Kumwagia maji grinda ya kawaida ni kumhatarisha fundi kwa umeme. Asiye na msumeno huo akatie nje, upepo ukimpiga mgongoni, akiwa amevaa barakoa yenye alama ya N95 au FFP2. Leso iliyofungwa usoni huzuia chembe kubwa ambazo pua ingezizuia yenyewe, na kupitisha zile ndogo zinazoua. Vumbi lililotua ndani lifutwe kwa tambara bichi. Ufagio mkavu hulirudisha hewani, na kwa kawaida anayelifagia si fundi tena, bali mwenye nyumba, mtoto akiwa mgongoni.